Karamu ya Kuwaaga Kandideti na Mchezo wa Kuigiza: Mwongozo Kamili kwa Shule ya Mji Mdogo

Jua la Uganda huzama takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, uwe Januari au Julai, na likishazama giza halikawii. Kwa shule ya sekondari ya mji kama Busia, Bweyale au Koboko, yenye wanafunzi wa bweni na wa kutwa pamoja, saa hiyo ndiyo bwana wa karamu ya kuwaaga kandideti, yaani watahiniwa, wa S.4 na S.6 (kidato cha nne na cha sita). Pesa zikipungua, watu watakula matoke na maharage na bado watafurahi. Muda ukipotea haurudi: mchezo unakatwa katikati, wali unakaa kwenye sufuria nusu siku, na mtoto wa kutwa anapanda bodaboda gizani. Ndiyo maana hatua zote hapa zimehesabiwa kutoka jioni kurudi asubuhi, na tunashauri karamu ya mchana hata kama wanafunzi wataomba ya usiku. Wataomba.

Hesabu zote ni za watu 150: kandideti 95, walimu na wafanyakazi 20, wageni 10, na waigizaji pamoja na wahudumu 25. Kundi hili la mwisho husahaulika karibu kila mara, halafu ndilo linalolala njaa. Wazazi wote wakialikwa idadi hupanda mara mbili au tatu, kwa hiyo heri kumwalika mwenyekiti wa PTA, chama cha wazazi na walimu, na wajumbe wachache. Kama shule yako ina idadi nyingine, zidisha au gawanya.

Kuchagua siku

Mitihani ya UCE (ya S.4) huanza Oktoba na ya UACE (ya S.6) Novemba. Wikendi ya pili ya muhula wa tatu, mwezi Septemba, inafaa kuliko nyingine: muhula umeshatulia na kandideti bado wana wiki kadhaa za kusoma. Ukiisogeza karibu na karatasi za vitendo za sayansi, nusu ya wanafunzi watakuja na daftari mfukoni na walimu wao watanuna.

Jumamosi ndiyo siku ya kawaida, lakini kwanza hesabu Wasabato waliomo darasani. Sabato yao haiishi mpaka jua la Jumamosi lizame, kwa hiyo karamu ya Jumamosi mchana inawafungia nje. Ijumaa nayo Waislamu wako msikitini kuanzia saa 7 mchana. Wasabato wakiwa wengi, fanya Jumapili kuanzia saa 8, watu wakishatoka kanisani. Chunguza orodha ya darasa kabla ya kutangaza tarehe, kwa sababu tarehe iliyotangazwa ikibadilishwa huvuruga kila mkataba uliowekwa.

Septemba ni mwezi wa mvua kusini na kaskazini. Panga kana kwamba itanyesha saa 9 alasiri: mchezo na chakula ndani ya ukumbi, wapishi chini ya hema au banda.

Kamati na pesa

Watu tisa wanatosha: mwalimu patroni, mwalimu mlezi wa wasichana, mhasibu wa shule, kiranja mkuu, kiranja wa burudani, kiranja wa chakula, na mwakilishi mmoja mmoja wa S.3, S.5 na kandideti. Kazi za siku yenyewe zifanywe na S.3 na S.5. Kandideti ni wageni siku hiyo, na mtu hapaswi kuosha sufuria za karamu yake mwenyewe.

Mchango wowote upitishwe na bodi ya shule na PTA kabla ya kutajwa kwa wanafunzi, na patroni aulize ofisi ya elimu ya wilaya kama kuna waraka mpya kuhusu michango na sherehe za shule. Pesa zipokelewe na mhasibu kwa kitabu cha risiti cha peke yake. Malipo ya simu yaende kwenye namba ya shule, kamwe yasiende kwenye simu ya kiranja. Kiranja akipoteza simu, au akiazima elfu thelathini akitumaini kuzirudisha, atabeba jina la mwizi mpaka amalize shule, na lawama ni ya watu wazima waliomtwisha mzigo huo.

Gawa mchango katika mihula miwili, na ruhusu mazao. Mkungu wa matoke, kilo mbili za karanga, fungu la kuni au kuku mmoja ni mchango kamili. Mhasibu aandike risiti yake kwa thamani ya sokoni. Katika miji yetu mzazi asiye na noti mkononi mara nyingi ana shamba. Asiyeweza kutoa chochote aingie na ale kama wengine, na jina lake lisisomwe popote. Kumrudisha mtoto getini siku ya kuagwa, baada ya miaka minne darasani na wenzake, ni ukatili, na bajeti ya sahani 150 inaweza kubeba sahani kumi zisizolipiwa bila kuyumba. Tenga pia sehemu moja ya kumi ya pesa zote kama akiba. Isiguswe mpaka asubuhi ya siku yenyewe.

Wenye mahema, viti na muziki walipwe nusu wakati wa kuagiza na nusu baada ya kazi, kwa maandishi yenye tarehe, saa ya kufika na idadi. Aliyelipwa zote mapema ataenda kwanza kwenye harusi iliyomwahidi zaidi.

Mchezo: maandishi na waigizaji

Mchezo uwe wa dakika 45. Usomeni kwa sauti mezani mkiwa na saa: maandishi yanayosomwa kwa dakika 30 yatachezwa kwa 40 hadi 45, kwa sababu kutembea, kunyamaza na kicheko cha watazamaji vina muda wake. Kama mnatumia tamthilia iliyochapishwa, mwandikieni mwandishi au mchapishaji kuomba ruhusa, maana kazi yake inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2006. Sisi tunapendelea wanafunzi waandike wenyewe. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka mwanafunzi atende kazi, na mchezo ni kazi inayoonekana kwa macho.

Chagueni jambo moja lenye mvutano: mpaka wa shamba, uchaguzi wa LC1 (baraza la kijiji), binti anayeozwa kabla ya mtihani, pikipiki ya mkopo. Msimwige mtu anayejulikana mjini. Shemeji yake atakuwa amekaa safu ya pili. Onyesho lote litokee mahali pamoja, sema mbele ya duka au uani kwa mzee. Kila mara mnapohamisha viti na meza kati ya onyesho na onyesho mnapoteza dakika mbili au tatu, na kwenye ukumbi wa mchana usio na giza watazamaji wanaona kila kitu na wanaanza kuongea.

Wenye maneno wawe tisa au kumi, wa S.2, S.3 na S.5. Nafasi tatu kubwa ziwe na waigizaji wa akiba wanaohudhuria mazoezi yote na kukariri kila neno. Sababu yake inajulikana na kila mwalimu: katikati ya muhula wanafunzi hurudishwa nyumbani kufuata ada, na anayeondoka Jumatatu huenda asirudi kabla ya siku kumi. Patroni azungumze na mwalimu mkuu mapema, lakini akiba ibaki palepale.

Ulimi wa Kiswahili jukwaani

Mchezo wa Kiswahili katika shule ya Uganda una mtego wake, na mtego huo ni mdogo kama herufi moja. Wengi wa wanafunzi wetu wamekua na Luganda au lugha jirani. Luganda haina sauti ya *h* katika maneno yake ya kawaida, kwa hiyo *h* humezwa. Sasa tazama: mwigizaji ameandikiwa "Baba hatakuja leo." Akimeza *h*, ukumbi unasikia "Baba atakuja leo." Ukanushi wa Kiswahili umekaa mwanzoni mwa kitenzi, na mwanzo ukianguka maana inageuka juu chini. Watazamaji watamsubiri baba mpaka mchezo uishe.

Ya pili ni *l* na *r*. Katika Luganda, *r* hufuata irabu *e* na *i*. Kwingineko ni *l*. Mwanafunzi akitumia kanuni hiyo kwenye Kiswahili, "kupiga kura" inakuwa "kupiga kula", na mchezo wa uchaguzi unageuka mchezo wa chakula. Watu watacheka mahali pasipo pa kucheka, na mwigizaji atapoteza mstari unaofuata.

Dawa yake: mwalimu wa Kiswahili apitie maandishi na kuzungushia kalamu nyekundu kila kitenzi kinachoanza na *ha-* au *hu-*, na kila neno ambalo *r* yake ikigeuka *l* linakuwa neno jingine. Mara nyingi hayazidi arobaini. Kila zoezi lianze kwa dakika tano za maneno hayo tu, mwigizaji akiwa jukwaani na msikilizaji safu ya mwisho. Msikilizaji asiwe na maandishi, aandike anachosikia. Neno ambalo bado linakosewa wiki ya tatu libadilishwe. "Baba hatakuja" inaweza kuwa "Baba amekataa kuja" na hadithi isipungue chochote.

Wiki sita za mazoezi

Mara nne kwa wiki, saa 10 hadi saa 11 na nusu jioni, na saa tatu nzima Jumamosi au Jumapili. Kwa karamu ya Septemba, mazoezi yanaanza mwishoni mwa muhula wa pili. Likizo ikiingia katikati, wiki ya kwanza ya muhula mpya ni ya kukumbushana.

Wiki ya kwanza ni kusoma mezani na kugawa nafasi. Ya pili, kupanga nani anaingia wapi, anasimama wapi, anatokea wapi; chora ukumbi kwa chaki sakafuni. Ya tatu, nusu ya kwanza bila karatasi mkononi. Ya nne, mchezo wote bila karatasi, na hapa ndipo kila kitu huonekana kimeharibika. Ni kawaida, mkono uliozoea kushika karatasi haujui pa kwenda. Mpe kila mwigizaji kazi ya mikono: kuchambua maharage, kufunga mzigo, kurekebisha mnyororo wa baiskeli. Ya tano, vifaa vyote halisi. Ya sita, mazoezi mawili kamili yenye mavazi.

La pili kati ya hayo lifanywe Ijumaa alasiri mbele ya S.1 na S.2. Wadogo ambao hawamo kwenye karamu wanapata mchezo, na waigizaji wanajifunza kicheko kinatokea wapi ili wasiseme juu yake. Mkumbushaji akae nyuma ya kizuizi upande ulio karibu na waigizaji wengi, na atoe maneno matatu tu, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Mnong'ono husikika na ukumbi mzima ila mwigizaji.

Jukwaa, mavazi na mvua

Ukumbi ukiwa mrefu na mwembamba, weka jukwaa kwenye ukuta mrefu, watu wakae kuuzunguka kwa nusu duara. Umbali unapungua kwa nusu na sauti inafika. Sakafuni mbele, mikeka, nyuma yake mabenchi, nyuma kabisa viti. Kwa mpangilio huo mnaweza hata kuigiza sakafuni bila jukwaa.

Mkitaka jukwaa, meza za chumba cha kulia zenye kimo kimoja hutosha. Plaiwudi moja ni futi 4 kwa 8. Sita zinatoa jukwaa la takriban mita 4.9 kwa 3.7. Funga miguu ya meza moja kwa nyingine kwa kamba ya katani, kisha laza plaiwudi ili kila kiungo cha meza kifunikwe na katikati ya ubao. Kingo za ubao zikiangukia kwenye kiungo, meza zitaachana na mguu wa mtoto utaingia. Tumia unene wa milimita 18. Nyembamba hulia kama ngoma kila hatua. Wavulana kumi warukeruke juu yake Alhamisi, patroni akiwa ameinama chini anatazama miguu ya meza.

Mikeka ya mafunjo ni mali kubwa hapa. Ikipigiliwa kwenye fremu za mita 2 kwa 1.2 inakuwa kizuizi cha kuingilia na kutokea. Ikitundikwa kwenye ukuta wa nyuma inapunguza mwangwi wa saruji.

Mavazi yatoke nyumbani: kanzu, gomesi (vazi refu la kike), koti la babu. Mwenye nafasi ya askari au mwanajeshi asivae sare halisi, wala kitambaa cha madoadoa, wala bereti nyekundu. Raia kuvaa mavazi ya jeshi ni kosa kisheria nchini Uganda, na jukwaa la shule si kinga. Shati la rangi moja, mshipi mpana na kofia ya kadibodi vinatosha. Watazamaji wataelewa kwa mwendo wake. Panga ziwe za mbao, na moto uwe wa karatasi nyekundu.

Sasa mvua. Ikipiga kwenye mabati hakuna mwigizaji, hata mwenye maikrofoni, atakayesikika. Msiendelee mkipiga kelele. Mtapoteza koo na hadithi. Pangeni ishara: kiongozi wa ngoma anapiga mapigo matatu, waigizaji wanaganda walipo, wapiga ngoma wanaingia na wimbo mliofanyia mazoezi, wenye kuitikia, ukumbi mzima ukiimba. Mvua ikipungua, mapigo matatu tena, na mwigizaji wa mwisho kusema anarudia mstari wake. Fanyeni zoezi hili mara mbili kabla ya siku. Mvua ikizidi dakika 20, andaeni chakula kwanza na mmalizie mchezo baadaye.

Chakula cha watu 150

Mwanafunzi wa bweni aliyekula posho (ugali) na maharage muhula mzima hali kama mgeni wa harusi. Kwa hiyo viwango hivi viko juu kidogo:

- Mchele kilo 20
- Matoke mikungu 8 ya wastani
- Nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 28
- Kuku 21, kila mmoja vipande 8
- Karanga za kusaga kilo 8
- Kabichi 16, vitunguu kilo 8, nyanya kilo 10
- Mafuta lita 10, chumvi kilo 2
- Soda kreti 7 (chupa 24 kila moja) na maji ya kunywa lita 80
- Makaa magunia 2, au kuni na gunia 1 la makaa ya kuweka joto

Kuku 21 hutoa vipande 168. Hivyo 18 vya ziada si anasa: vingine huvunjika, vingine ni mgongo mtupu ambao hakuna atakayeukubali. Mnyama yeyote achinjwe na Mwislamu anayekubalika na wenzake, na jiko liwe moja lisilo na nguruwe. Ni rahisi kuliko sufuria mbili na mashaka ya nani ameazima mwiko wa nani.

Matoke yamenywe alfajiri, yafungwe kwenye majani ya mgomba na kuwekwa juu ya mabua ndani ya sufuria, moto uwake saa 3 asubuhi. Saa 6 yabondwe yakiwa ndani ya majani, yarudi kwenye mvuke mdogo mpaka wakati wa kupakua. Hiki ndicho chakula kinachovumilia kucheleweshwa. Nyama ianze saa 3 pia. Kuku wakaangwe kuanzia saa 5. Sosi ya karanga iive taratibu kwa saa nzima au zaidi, na mtu mmoja asiondoke kwenye mwiko; ikishika chini, harufu ya kuungua huenea yote na haifichiki.

Wali ndio wa hatari. Upikwe mwisho, kuanzia saa 7 na nusu mchana, kwenye sufuria mbili, kilo 10 kila moja kwa lita 16 hadi 18 za maji. Kilo 20 kwenye sufuria moja huungua chini na kuwa mbichi juu. Wali ulioiva na kuachwa vuguvugu kwa saa nyingi huzalisha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi, na watu huanza kutapika usiku huohuo. Chakula chochote kiwe cha moto sana hadi kipakuliwe, na kisikae nje ya moto zaidi ya saa mbili. Kabichi iingie saa 8 na nusu, ibaki na ukakamavu wake.

Pakueni kwa mistari miwili. Mstari mmoja hupitisha watu wanne au watano kwa dakika, yaani nusu saa au zaidi kwa watu 150; miwili humaliza kabla chakula hakijapoa. Upawa wa nyama ushikwe na mtu mzima. Kijana wa S.3 hawezi kumnyima rafiki yake kipande cha pili, na wa mwisho kwenye foleni ndiye atakayelipa. Kabla ya mtu wa kwanza kupakuliwa, jazeni sahani 25 za waigizaji na wahudumu, zifunikwe na kuwekwa kando. Waigizaji bado wanabadilisha nguo, na wakifika hukuta mifupa.

Umeme na sauti

Mchezo wa mchana hauhitaji taa. Spika na maikrofoni zinahitaji umeme, na umeme wa miji yetu hukatika bila kuaga. Jenereta ya kVA 5 inatosha spika na taa chache; hunywa lita moja hadi moja na nusu ya petroli kwa saa, kwa hiyo lita 8 zinafikisha jioni. Ikae nje, mita 10 au zaidi kutoka mlango na madirisha, moshi ukielekea upande upepo unakokwenda. Moshi huo huua bila harufu kali. Izimwe na ipoe kabla ya kuongezwa mafuta. Birika la umeme lisichomekwe kwenye ekstensheni moja na muziki.

Spika ziwe mbele ya maikrofoni, zikiwatazama watu. Zikiwa nyuma, sauti inarudi kwenye maikrofoni na ukumbi unapigwa na mlio mkali. Mwenye muziki afike Ijumaa jioni kujaribu vyombo, na nyimbo zipitiwe na mwalimu mlezi siku hiyo hiyo. Mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi waarifiwe kwa barua wiki moja kabla.

Siku yenyewe

Soma kuanzia mwisho, kama tulivyopanga:

- Saa 12 na nusu jioni: geti limefungwa, wa kutwa wote wameshaondoka
- Saa 11 hadi 12: muziki, kucheza, picha
- Saa 10 na nusu: keki, maneno ya viranja, zawadi
- Saa 9 na nusu: chakula
- Saa 9: mwalimu mkuu na mgeni rasmi
- Saa 8: mchezo
- Saa 7 na robo: watu wanaingia, ngoma

Mgeni rasmi apewe barua wiki nne kabla, ikitaja kwamba mchezo unaanza saa 8 kamili na kwamba ameombwa kuzungumza dakika 10. Ikifika saa 8 hajafika, anzeni. Mchezo hauhitaji mgeni rasmi, unahitaji mchana. Akifika katikati, mwalimu mmoja ampokee mlangoni kimya na kumkalisha kiti kilichoachwa pembeni, bila kusimamisha ukumbi. Mgeni asipofika kabisa, mwenyekiti wa bodi azungumze. Aarifiwe mapema kwamba huenda akaombwa.

Waigizaji wale uji na ndizi saa 6. Tumbo likijaa pumzi inapungua. Wengine wote wapate chai na kitu cha kutafuna saa 4 asubuhi, maana mtoto mwenye njaa haoni mchezo, anaona mlango wa jiko.

Milango yote ya ukumbi ibaki bila kufuli, na njia ya katikati isiwekwe viti. Chupa za maji na soda kutoka nje zibaki getini, kwa sababu waragi, pombe kali yetu, haina rangi. Mwalimu mlezi awe na orodha ya wanafunzi wa kutwa yenye safu tatu: jina, anarudi na nani, sahihi ya mzazi. Wasichana wasipande bodaboda peke yao. Wapangwe wawili wawili kwa mtaa, na waendeshaji wawe wale mwalimu wa zamu anaowajua kwa jina na namba ya pikipiki. Kuanzia saa 12 kasoro robo mwalimu akae getini na orodha, akipiga alama kila anayetoka. Muziki unazimwa saa 12 hata kama wimbo uko katikati, na mwenye muziki aambiwe hivyo tangu asubuhi.

Baada ya karamu

Chupa tupu zihesabiwe jioni hiyohiyo mbele ya kiranja wa chakula: kreti 7 ni chupa 168, na kila inayokosekana mwenye duka ataidai. Viti vihesabiwe kabla lori halijapakiwa. Mabaki ya wali yatupwe au yapewe mifugo. Yasiwekwe kwa kifungua kinywa.

Jumatatu plaiwudi zirudi stoo zikiwa zimelazwa sambamba sakafuni, kwa kuwa zikiegemezwa ukutani hupinda na mwakani hazitumiki. Ndani ya siku saba mhasibu abandike ubaoni ukurasa mmoja: kilichoingia, mazao yaliyopokelewa, kilichotumika, kilichobaki. Maandishi ya mchezo, yakiwa na alama zote nyekundu za *ha-* na *r*, yaingie maktaba pamoja na karatasi ya vipimo vya jikoni iliyosahihishwa: wali ulibaki kiasi gani, nyama iliishia kwa mtu wa ngapi. S.3 wa mwaka huu watakuwa kandideti mwakani, na kamati yao itaanzia kwenye karatasi hizo.